Vita Vinavyojianzisha: Ziwa Tanganyika Ndani ya Seva

Pambano la kujiendesha ni vita ambavyo seva ya mchezo huvianzisha, huvisimamia na kuvimaliza yenyewe, msimamizi akiwa amelala. Wachezaji wanavua, wanajenga au wanauziana bidhaa zao. Mara tangazo linapita juu ya kioo, adui anajitokeza upande mmoja wa ramani, watu wanakusanyika na kupigana, na baada ya robo saa uwanja unarudi kimya. Mchezaji huona moto na moshi tu. Aliyeandika programu huona saa, mizani na ufagio: saa ya kujua lini vita viwake, mizani ya kupima nguvu za pande mbili, na ufagio wa kusafisha uwanja vikiisha.

Michezo mikubwa imekuwa na mapambano ya aina hii kwa muda mrefu. Warhammer Online ya 2008 ilikuwa na kazi za wazi ambazo yeyote aliyepita karibu aliweza kujiunga nazo. Rift ya 2011 ilipasua anga na kumwaga maadui, na Guild Wars 2 ya 2012 ilifanya matukio ya namna hiyo kuwa mwili wa mchezo mzima. Katika Minecraft, uvamizi wa vijiji ulioongezwa mwaka 2019 huja kwa mawimbi: matatu katika ugumu wa chini, matano katika ule wa kati, saba katika ule wa juu. Mwenye seva ndogo anayetaka kuongeza pambano lake mwenyewe huwa hagusi moyo wa mchezo. Huandika programu-jalizi, yaani kipande cha msimbo kinachoning'inizwa juu ya seva na kusikiliza yanayotokea: nani ameingia, nani amekufa, saa ngapi sasa.

Kwa Kiswahili kuna tatizo dogo la jina. Wachezaji wengi humwita mpiganaji anayeongozwa na kompyuta "boti", na katika vita vya majini neno hilo haliwezi kubeba mizigo miwili. Hapa boti ni chombo cha majini tu. Yule mwingine ataitwa mpiganaji bandia.

Mfano utakaotumika ni ramani ya Ziwa Tanganyika, na mji wa Kalemie, upande wa Kongo, ndio ngome ya wachezaji. Ziwa hili halikuchaguliwa kwa uzuri wake. Lilipiganiwa kweli wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, na mpangilio wa vita vile unafanana ajabu na mpangilio wa pambano zuri la seva.

Agosti 1914 meli ya Kijerumani Hedwig von Wissmann iliishambulia meli ya Kibelgiji Alexandre Delcommune karibu na mdomo wa Lukuga, mto pekee unaotoa maji ziwani. Tangu hapo Wajerumani walitawala ziwa wakitokea Kigoma, ng'ambo ya pili, na Wabelgiji wa Albertville, kama Kalemie ilivyoitwa wakati huo, wakabaki kutazama upeo wa maji. Juni 1915 Waingereza walituma kutoka London boti mbili za injini, Mimi na Toutou, kila moja na urefu wa mita 12 hivi. Zilishushwa Cape Town, zikapanda treni hadi Katanga, zikavutwa na matrekta ya mvuke na maksai juu ya milima ya Mitumba, zikateremka mto Lualaba, kisha zikapanda treni tena na kufika ukingoni mwa ziwa mwishoni mwa Oktoba. Vitabu vingi hupenda kueleza sketi aliyoivaa kamanda wao, Geoffrey Spicer-Simson, kuliko kuwataja Wakongo waliofyeka njia na kujenga madaraja ambayo boti hizo zilipita juu yake. Desemba 26, 1915 Mimi na Toutou ziliikamata meli ndogo ya Kijerumani, Kingani, kwa mapigano yaliyochukua takriban dakika 11. Kingani ikatengenezwa, ikabatizwa Fifi, na Februari 9, 1916 ikashiriki kuizamisha Hedwig von Wissmann. Siku iliyofuata ikatokea Graf von Götzen, jitu la mita 71 lililobeba mzinga wa milimita 105 uliotoka katika manowari Königsberg, na Spicer-Simson akakataa kwenda kupambana nalo.

Nusu mwaka wa kuburuta kwa ajili ya dakika 11 za kupigana: huo ndio uwiano ambao waandishi wengi wa programu hizi huugeuza kichwa chini. Huweka mapigano kila baada ya nusu saa, usiku na mchana, na baada ya wiki moja hakuna anayeinua macho tangazo likipita. Pambano hupata uzito kutokana na kusubiriwa. Kwa sababu hiyo kazi kubwa ya programu iko nje ya mapigano yenyewe.

Hatua tano

Moyo wa programu ni kinachoitwa mashine ya hali. Wakati wowote pambano liko katika hali moja tu: kusubiri, onyo, mapigano, hitimisho, au usafi. Kila hali ina sharti la kuingia na sharti la kutoka, na hakuna kuruka. Seva ikitoka katika onyo lazima iende kwenye mapigano au irudi kwenye kusubiri. Haiwezi kujikuta katika usafi wakati adui bado anafyatua. Utaratibu huu huonekana kama urasimu mpaka siku msimamizi anapobonyeza amri ya kuanzisha pambano mara mbili kwa haraka. Programu isiyo na hali italeta Kingani mbili. Yenye hali itajibu kwamba pambano tayari limeanza.

Hali iliyopo, pamoja na muda ilipoanza, huandikwa kwenye faili kila inapobadilika. Bila hivyo, seva ikizimika katikati na kuwashwa tena, programu huamka bila kumbukumbu huku meli za adui zikiwa bado zinaelea ziwani, hazina mwenyewe, zikiwinda wavuvi.

Onyo ndiyo hatua inayonyimwa haki yake kuliko zote. Dakika tano zinafaa. Ziwa halisi lina urefu wa kilomita 673 na upana wa wastani wa kilomita 50. Likipunguzwa mara 50 linakuwa la mita 13,460 kwa 1,000, na kina chake kikubwa cha mita 1,470 kinakuwa mita 29, kipimo ambacho ramani nyingi hukibeba bila shida. Kutoka Kigoma hadi Kalemie, takriban kilomita 125, zinabaki mita 2,500. Boti ya Minecraft huenda mita 8 kwa sekunde, kwa hiyo adui anayetoka Kigoma hufika Kalemie baada ya dakika tano na ushei. Muda wa onyo basi hauhitaji kubuniwa: ni safari ya adui mwenyewe. Aliye juu ya kilima cha mji anaweza kumwona akikaribia, na hilo lina thamani kuliko maandishi mekundu juu ya kioo.

Saa

Njia rahisi ya kuamsha pambano ni ratiba: kila Jumamosi, saa fulani. Ziwa Tanganyika hufundisha haraka kwamba "saa fulani" si neno moja. Kalemie hufuata saa za Lubumbashi, zinazotangulia saa ya kimataifa ya UTC kwa saa 2. Kigoma, ng'ambo ya maji, hutangulia kwa saa 3. Pambano la saa 2 usiku Kalemie ni la saa 3 usiku Kigoma. Ndani ya faili la mipangilio iandikwe saa moja tu, 18:00 ya UTC, na kila mchezaji atangaziwe kwa saa ya kwao.

Kisha kuna saa ya Kiswahili yenyewe. Kompyuta huhesabu siku kuanzia usiku wa manane, Waswahili huanzia machweo na mapambazuko, na tangazo linalosema "pambano saa 20:00" humlazimisha msomaji kuhesabu vidole. Kanuni ni fupi: jumlisha 6 kwenye saa ya kompyuta, gawanya kwa 12, chukua baki; baki ikiwa sifuri, ni saa 12. Ishirini jumlisha sita ni 26, baki 2: saa 2 usiku. Mstari mmoja wa msimbo huu huifanya seva isikike kama ya wenyeji.

Ratiba isiyobadilika ina kasoro yake. Wachezaji hujipanga mapema mahali adui anapotokea na kumuua kabla hajageuza usukani. Dawa ni bahati nasibu iliyofungwa kamba. Masharti yakitimia, kwa mfano wachezaji wasiopungua wanne wako ndani na saa mbili zimepita tangu pambano la mwisho, seva hutupa kete kila dakika, kwa nafasi moja kati ya 30. Wastani wa kungoja ni nusu saa. Lakini wastani hudanganya: uwezekano wa kete kukataa kwa saa mbili mfululizo ni karibu 2 kwa 100, na kwenye seva inayoendeshwa kila siku hiyo itatokea, wachezaji watadhani programu imeharibika, na malalamiko yatamfikia msimamizi. Ndiyo maana huwekwa kikomo: dakika 75 zikipita bila pambano tangu masharti yatimie, seva hulianzisha bila kuuliza kete.

Mizani

Swali gumu kuliko yote ni idadi ya maadui. Jibu la haraka huwa hesabu ya dukani. Mchezaji mmoja ana uwezo wa wapiganaji bandia watatu, wachezaji ni wanne, basi waletwe bandia 12. Wachezaji wanne wanasagwa, na mwandishi hajui kwa nini.

Sababu iliandikwa na mhandisi Mwingereza Frederick Lanchester katika kitabu kilichotoka 1916, mwaka uleule Hedwig von Wissmann ilipozama. Lanchester alionyesha kwamba, pande mbili zinapofyatuliana risasi na kila mmoja anaweza kumlenga yeyote wa upande wa pili, nguvu ya kundi haikui kwa idadi bali kwa idadi iliyozidishwa kwa yenyewe. Sababu si mazingaombwe. Kundi kubwa hupiga zaidi, na papo hapo mapigo ya upande wa pili hugawanywa kwa vichwa vingi. Faida huingia kwa milango miwili.

Kwa wachezaji wanne, basi, nguvu ni 4 mara 4, yaani 16, na ubora wao wa mara tatu huifanya 48. Wapiganaji bandia saba wana 7 mara 7, yaani 49. Saba ndiyo idadi inayolingana nao. Kumi na mbili wana nguvu ya 144, mara tatu ya wachezaji. Wachezaji wakiwa wanane, idadi sawa inakuwa 14 hivi. Kwa kuwa pambano la seva halikusudiwi kuwa sare, wengi hupunguza idadi hiyo kwa robo, na kuacha nafasi ya mchezaji mgeni anayegonga miamba.

Kanuni ya Lanchester ina sharti: kila mmoja aweze kumfikia kila mmoja. Ziwani, kwenye maji wazi, sharti hilo linatimia. Katika mdomo wa Lukuga halitimii. Pale boti mbili zikipita sambamba za nyuma haziwezi kufyatua, wingi hauna pa kuonyesha meno, na hesabu ya dukani inarudi kuwa sahihi: bandia 12 kwa wachezaji wanne. Mwandishi anayeweka pambano moja katika maeneo hayo mawili kwa idadi moja atapata eneo moja jepesi mno au lingine la kikatili. Ni vizuri programu isome kwanza upana wa maji mahali pambano linapoanzia.

Kuongeza afya ya adui badala ya idadi yake ni njia ya mkato inayopendwa, na matokeo yake huchosha: meli moja inayopigwa kwa dakika 20 bila kutikisika. Götzen ilitisha kwa sababu mzinga wake ulifika mbali kuliko wowote uliokuwa upande wa pili. Unene wa chuma chake haukuwa habari. Adui mkubwa wa seva naye apewe umbali, na apewe udhaifu.

Akili ya adui

Kingani ilikuwa na udhaifu uliojulikana. Mzinga wake uliweza kufyatua mbele tu. Mimi na Toutou zilingoja ipite, zikatoka bandarini nyuma yake, na ikabidi igeuke yote ili kujitetea. Katika msimbo jambo hili ni pembe moja. Mpiganaji bandia huruhusiwa kufyatua tu pale shabaha ikiwa ndani ya nyuzi 30 kushoto au kulia kwa pua ya meli, na kasi yake ya kugeuka huwekewa kikomo. Mistari michache kama hiyo humpa mchezaji kitu cha kugundua, na aliyekigundua huwasimulia wenzake. Fifi baadaye ilipata kasoro nyingine. Ilifungwa mzinga mkubwa kuliko mwili wake, na kila ilipofyatua, msukumo wa mshindo uliipunguzia mwendo. Hiyo pia inaingia katika programu kwa hesabu nyepesi.

Akili iliyozidi ni kosa. Kompyuta inaweza kulenga bila kukosa, kujua mahali pa kila mchezaji gizani, na kugeuka papo kwa papo; yote matatu hunyang'anywa makusudi. Shabaha hupotoshwa kidogo kwa namba ya bahati nasibu, macho hupewa mpaka, na kati ya kuona na kufyatua huwekwa robo sekunde au zaidi, kama binadamu.

Majina na sura za maadui hutaka busara ambayo haimo katika msimbo. Mkoa wa Tanganyika, ambao Kalemie imo, umeona vita vya kweli miaka ya karibuni, na wapo wachezaji waliokimbia makwao. Vita vya meli za zaidi ya miaka 100 iliyopita haviwagusi kama ambavyo yangewagusa mapigano ya juzi kijijini, na adui aliyepewa jina la kabila au la kundi lenye silaha linalojulikana hana nafasi kwenye seva yoyote. Kujiunga pia kuwe hiari: anayetaka kuvua apewe maji ambayo mizinga haifiki.

Mzigo wa mashine na umbali

Seva ya Minecraft hupiga mapigo 20 kwa sekunde, yanayoitwa tiki. Kila tiki ina milisekunde 50 za kumaliza kazi zote. Ikichukuliwa kwamba mpiganaji bandia mmoja hula nusu milisekunde, 60 kati yao hula 30, na dunia iliyobaki, mazao, wanyama, maji yanayotiririka, inagombania 20 zilizosalia. Nafuu hupatikana kwa kuwafanya walio mbali wafikiri mara moja kwa sekunde badala ya mara 20, na kwa kuwatoa kwa mawimbi badala ya wote pamoja. Ziwa lenyewe ni rafiki hapa: kutafuta njia kati ya kuta na milango ni kazi ghali, kwenye maji wazi ni mstari tu. EVE Online, inayoweka maelfu ya wachezaji katika anga moja, huchukua njia nyingine. Mzigo ukizidi, hupunguza mwendo wa muda wenyewe hadi sehemu moja ya kumi. Katika vita vya B-R5RB, Januari 2014, vilivyohusisha wachezaji zaidi ya 7,000, muda huo mzito ulisaidia kuvirefusha hadi takriban saa 21.

Kwa mchezaji wa Kalemie tatizo kubwa zaidi huwa umbali. Mwanga ndani ya waya wa kioo husafiri kilomita 200,000 hivi kwa sekunde. Johannesburg iko takriban kilomita 2,250. Kwenda na kurudi, kwa mstari ulionyooka, ni milisekunde 22 au 23. Paris, zaidi ya kilomita 6,000, ni 60 na zaidi. Waya haunyooki hivyo, na vituo vya njiani huongeza vyao, kwa hiyo namba halisi huwa kubwa zaidi. Seva nzuri huhifadhi kumbukumbu fupi ya mahali kila chombo kilipokuwa, na risasi ikifika huipima dhidi ya kile mchezaji alichokiona alipofyatua. Pambano la meli hustahimili ucheleweshaji kuliko la bastola: chombo kizito hakiruki kando ndani ya sehemu moja ya kumi ya sekunde.

Pale mambo yanapokwenda mrama

Septemba 2005, katika World of Warcraft, adui aitwaye Hakkar aliwaambukiza wapinzani wake ugonjwa uliokusudiwa kubaki ndani ya ngome yake. Wanyama wa kufugwa wa wachezaji waliubeba nje, ukaingia mijini, na wahusika wasio na nguvu wakafa kwa halaiki mpaka kampuni ikawasha seva upya. Kosa lilikuwa la mpaka. Sumu, moto au laana inayotolewa na pambano ifutwe kwa yeyote anayetoka katika eneo lake, awe mchezaji, mnyama au boti tupu inayoelea.

Kosa lingine huwapata wenye wachezaji wa mji mmoja. Umeme wa mtaa ukikatika, wachezaji wanane hutoweka ndani ya sekunde moja, na programu isiyofikiria hilo huona upande mmoja umebaki bila mtu, hutangaza ushindi wa adui na kuichoma bandari. Kwa hiyo huwekwa sheria: zaidi ya nusu ya washiriki wakitoweka kwa pamoja, pambano husimama kwa dakika tano, na wasiporudi hufutwa bila mshindi. Kwa anayetoka peke yake kila anapoelekea kushindwa, sheria hiyo haimsaidii.

Zawadi zigawanywe kwa mchango. Zikipewa aliyepiga pigo la mwisho, watu hukaa pembeni wakingoja meli ikaribie kuzama. Madhara yaliyofanywa, matengenezo ya boti za wenzake na muda wa kukaa eneoni huingia katika hesabu, na aliyevuka kiwango cha chini hupata sehemu yake.

Usafi hufanyika mwisho, lakini hutayarishwa mwanzo: kila kiumbe na kila chombo kinachotolewa na programu hupachikwa alama ya pambano lake, na ufagio hufuta vyote vyenye alama hiyo, hata seva ikiwa imezimwa na kuwashwa katikati. Bila alama, kufagia ni kubahatisha, na boti ya mvuvi aliyekuwa karibu huenda na maji.

Kitu kimoja chafaa kuachwa. Julai 26, 1916 Wajerumani waliizamisha Götzen wenyewe karibu na mdomo wa mto Malagarasi, injini zake zikiwa zimepakwa grisi ili zisiharibike. Ilitolewa majini mwaka 1924, na 1927 ikaanza kubeba abiria kwa jina la Liemba. Programu inaweza kufanya vivyo hivyo kwa kutenga mabaki ya meli ya adui na orodha ya ufagio, kuyaandika kwenye faili pamoja na nukta yake ziwani, na kuwaruhusu wachezaji wenye mbao na chuma cha kutosha kuyainua. Pambano linalofuata husoma faili hilo kabla ya kuchagua meli: iliyoinuliwa haiwezi kurudi tena kama adui.